Tamasha dogo la muziki wa jadi lisiloharibu mazingira: tuanzie wapi?

Muulizaji

Ndugu wanajukwaa, kikundi chetu kinaandaa tamasha la siku mbili la muziki wa jadi, litakalofanyika uwanjani kwa watu wasiozidi 300, na tumeazimia kwamba lisiache taka wala moshi. Nusu ya kamati inataka fedha chache tulizo nazo zinunue vikombe vinavyosemekana kuoza, na nusu nyingine inataka umeme wa jua. Naomba wenye uzoefu watueleze kipi kitangulie.

Jibu la kwanza

Kwa maoni yangu, vyote viwili vinatanguliwa na jambo ambalo hukulitaja, nalo ni safari za wasikilizaji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi. Kwa hiyo gari linalotumia lita 8 kwa kilomita 100, likitoka umbali wa kilomita 50 na kurudi, hutoa kilo 18 hivi, hata kama limembeba mtu mmoja tu. Chagueni uwanja ulio karibu na kituo cha basi, malizeni onyesho la mwisho kabla basi la mwisho halijaondoka, na saa za mabasi zichapwe kwenye ratiba ileile ya wanamuziki.

Jibu la pili

Naafiki, ila suala la umeme nalo lina hesabu yake. Jenereta la kilowati 20 likibeba nusu kilowati huchoma sehemu kubwa ya mafuta kwa ajili ya kujizungusha lenyewe. Spika mbili, mikrofoni chache na taa za LED hazihitaji zaidi ya hiyo nusu kilowati kwa wastani, yaani kilowati-saa 5 kwa saa kumi, kiasi ambacho betri ya kukodi inaweza kutoa.

Ningependa hata hivyo mjiulize kwanza kama spika zinahitajika kwa kila onyesho. Sauti mahali pa wazi hupungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo kinachoamua ni mahali alipokaa msikilizaji wa mwisho. Mkiwakalisha watu 300 kwa nusu duara, kila mmoja akipata mita moja ya mraba, huyo wa mwisho atakuwa mita 14 tu kutoka kwa mpigaji, na ngoma, filimbi au fidla itamfikia vizuri bila umeme wowote. Tamasha kubwa haliwezi kufanya hivyo, ninyi mnaweza.

Jibu la tatu

Kuhusu vikombe, tafadhali msinunue. Vile vinavyotengenezwa kwa plastiki ya mahindi huoza katika mitambo maalumu yenye joto la nyuzi 60 hivi, na vikitupwa shimoni au majanini hukaa miaka. Kodini vikombe vigumu vya kuoshwa, kila mtu aweke amana anayorudishiwa akirudisha kikombe. Tengeni pia watu wawili wa kuosha tu, kwani hapo ndipo mipango mingi hukwama.

Muulizaji

Nawashukuruni nyote. Hesabu ya nusu duara imeichangamsha kamati kuliko nilivyotarajia, na wazo la vikombe vya kuoza tumeliacha. Saa ya kumaliza bado tunabishania, kwa kuwa wanamuziki wawili wameomba kupiga usiku wa manane. Je, kuna aliyewahi kukodi basi moja la usiku badala ya kukatisha onyesho?