Kodi saba za skeli ya meja kwenye ukulele: tuanze na C, F au G?

NyuziNne
Wakuu, salaam. Skeli ya meja naijua kwa do re mi. Najua pia kwamba ukijenga kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) juu ya kila noti yake, mpangilio wa aina za kodi haubadiliki skeli yoyote ya meja ile: meja, maina, maina, meja, meja, maina, kisha diminishi. Sasa nataka vidole vizoee kwenye ukulele, kile kigita cha nyuzi nne, iliyofungwa GCEA. Kuna wanaosema nianze na skeli ya C, wengine F, wengine G. Ipi inafundisha harmonia vizuri? Urahisi peke yake haunitoshi, nataka nielewe ninachopiga.

SautiYaTatu
C. Haina shapu (#, noti iliyopandishwa nusu toni) wala flati (b, iliyoshushwa nusu toni). Kila tarakimu ni freti ya kubana, 0 ni uzi wazi; soma kuanzia uzi wa G kwenda A. Herufi m ni maina, dim ni diminishi:
C 0003, Dm 2210, Em 0432, F 2010, G 0232, Am 2000, Bdim 4212.
Nyuzi zikiwa wazi zinatoa G, C, E na A, na humo mna kodi ya C yote na ya Am yote. Ndiyo sababu kila moja inakamatwa kwa kidole kimoja tu. Zinashirikiana C na E, zinatofautiana G na A basi. Piga moja baada ya nyingine polepole, utasikia kwa nini kodi ya sita hushika nafasi ya ya kwanza bila wimbo kuvunjika.

MlazaKidole
Hapo kwa Am nakubali kabisa, ila naipigia kura G. Kwenye C wengi wanairuka kodi ya saba kwa kuwa 4212 inasumbua vidole, halafu hawajui kazi yake hata baada ya miaka. Tazama G:
G 0232, Am 2000, Bm 4222, C 0003, D 2220, Em 0432, F#dim 2020.
Nne kati ya hizo umeshazipata kwenye C. Na hiyo 2020, je, hujawahi kuiona imeandikwa D7, yaani kodi ya D iliyoongezewa noti ya saba, C? Hesabu noti zake: A, C, F#, A. D haimo! Ni D7 iliyoachwa bila noti yake ya msingi, yaani ni F# diminishi yenyewe. Ndiyo maana kodi ya tano yenye saba na kodi ya saba zinafanya kazi moja: F# inapanda nusu toni kwenda G, C inashuka nusu toni kwenda B, na sikio linataka kurudi do.

NyuziNne
Mkuu, hii sikuwahi kuelezwa. Kwa hiyo hata 4212 ya kule C ni ndugu wa G7?

MlazaKidole
Ndugu wa damu. G7 ni 0212. Ongeza kidole freti ya nne kwenye uzi wa G: G imetoka, B imeingia, una Bdim. Kwenye F vilevile: C7 ni 0001, ukibana uzi wa C freti ya nne unapata 0401, ambayo ni Edim.

FlatiMoja
Mnaisahau F. F 2010, Gm 0231, Am 2000, Bb 3211, C 0003, Dm 2210, Edim 0401. Bb inauma mwanzoni, lakini umbo lake linahama. Lisogeze freti mbili, 5433, umepata C. Umbo moja, kodi za meja kibao.

UziMnene
Kabla ya kuchagua, mwulizeni uzi wake wa G ni wa juu (sauti nyembamba kuliko uzi wa C) au wa chini (sauti nzito kuliko C). Ukiwa wa juu, noti nzito kuliko zote inatoka kwenye uzi wa C. Kodi ya C 0003 inakaa juu ya C yake, imetulia. Lakini G 0232 inakaa juu ya D, inasikika kama inaelea. Ukifunga G ya chini mambo yanageuka: G inapata msingi wake, C inakalia G. Anayejifunza kusikia kurudi do anahitaji do iliyo chini kabisa.

NyuziNne
Wangu ni wa juu. Basi nakaa C mpaka nizisikie zote saba, halafu naingia G kwa ajili ya ile 2020. Bm ndiyo inayonitisha.

MlazaKidole
Usilaze kidole nyuzi zote nne. Cha shahada kilale freti ya pili kwenye C, E na A tu, cha pete kibane uzi wa G freti ya nne. Uzi ukinyamaza, sogeza kidole karibu na chuma cha freti kabla hujaongeza nguvu.