Nimekalishwa kwenye sahani isiyo na mwenyewe. Wajuzi wa mila za Wapolandi na Walithuania, njooni

Fundi_Majokofu_Tandika

Wakuu salaam. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu Desemba iliyopita, na mama watoto ameligeuza kesi.

Tarehe 24 mchana nilipigiwa simu kutoka Msasani: friji imekufa, na ndani kuna samaki wa sikukuu. Mume ni Mpolandi, mke katoka Lithuania, wana watoto wawili. Kompresa ilikuwa nzima, kilichoungua ni rilei tu, ila kuitafuta Kariakoo siku ile ni habari nyingine. Namaliza kazi, Magharibi inaadhiniwa. Watoto wako barazani wamekodolea macho angani. Kumbe nyumba nzima inasubiri nyota ya kwanza, isipoonekana hakuna kula! Na mawingu yalivyotanda siku ile, nikajisemea hawa leo watalala njaa. Bahati ikachomoza moja upande wa baharini, wakapiga kelele kama sisi na mwezi wa Idi.

Nanawa mikono niondoke, baba mwenye nyumba akanivutia kiti: "Fundi, kaa." Wao wako wanne, mezani sahani sita. Ya tano nikapewa mimi. Ya sita imewekewa mshumaa unaowaka, haina mtu na hakuna aliyeipakulia. Naweka kiwiko mezani, chini ya kitambaa nasikia chakacha, chakacha. Nyasi kavu! Sikusema neno, ila vinyweleo vilisimama.

Kabla ya kula wakatoa kitu cheupe, chembamba kama karatasi, kina picha. Kila mmoja anamega cha mwenzake na kumtakia heri. Mama akaninyooshea chake: "Afya, na wateja wengi." Mimi Mwislamu, nikasita, kisha nikamega kiduchu.

Nyama haikuwepo hata kipande, hapo roho ikatulia. Supu nyekundu ya bitiruti, samaki wa chumvi, na vitu kama sambusa za viazi ila vimechemshwa, havikukaangwa.

Sasa mama watoto anasema nilikalishwa kiti cha marehemu, ndiyo maana mwaka huu kazi zimepungua. Na wale watu wameshaniita tena. Niende?

Chap_Chap

Ulilipwa lakini?

Fundi_Majokofu_Tandika

Nililipwa, na keki nikafungiwa.

Chap_Chap

Basi mzimu huo nami naomba namba yake.

Aliyeganda_Kaunas

Fundi, nilisoma Kaunas, kule Lithuania, miaka minne, na mwaka wa kwanza nilialikwa mezani vilevile. Mkeo kapatia nusu. Ulikuta mila mbili kwenye meza moja, ndiyo maana ukachanganyikiwa.

Sahani ya tano ni ya Wapolandi. Usiku huo wao wanauita Wigilia, na huandaa nafasi moja ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa. Wana msemo wao kwamba mgeni akiingia nyumbani, Mungu ameingia. Familia nyingi huiweka ile sahani maisha yote na asitokee mtu. Wewe umetokea kweli, tena na bisibisi mkononi! Wale watoto watakusimulia mpaka wazeeke.

Ya mshumaa ndiyo ya marehemu, na hiyo ni ya upande wa mama. Kwao usiku huo unaitwa Kūčios. Aliyefariki mwaka huo huwekewa nafasi yake na mshumaa, na wengi wakishakula hawatoi vyombo, chakula kinalala mezani ili roho za wazee zije kula. Lithuania ndiyo nchi ya mwisho Ulaya kuupokea Ukristo rasmi, mwaka 1387, na ya kale hayakuondoka yote. Kwa hiyo huenda yule mama alifiwa mwaka ule. Ulimpa pole?

Nyasi ni kumbukumbu ya hori alilolazwa Yesu. Walithuania huzichomoa moja moja kutoka chini ya kitambaa, ukipata ndefu una maisha marefu. Mimi nilipata kipande kama cha njiti ya kiberiti, bibi wa nyumba ile akanilazimisha nichomoe tena.

Kuna vibiskuti vidogo kama kunde, kūčiukai, vinaelea kwenye tui la mbegu za popi. Uliviona?

Fundi_Majokofu_Tandika

Niliviona, ila lile lilikuwa tui la nazi, nazi naijua. Kuhusu msiba sikujua kabisa. Nimeona aibu hapa nilipo.

Mama_Duluti

Kaka fundi, shikamoo kwa wakubwa wote humu. Mimi ni Mkatoliki, nikutoe wasiwasi: kile cheupe kinafanana na hostia lakini si komunyo, hakijawekwa wakfu. Ni mkate wa heri tu.

Niko Dar ila kwetu ni Tengeru, karibu na Arusha, na Wapolandi kwetu si habari ya kusoma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwepo kambi yao pale karibu na ziwa Duluti, watu kama 5,000, wengi wanawake na watoto. Wasovieti waliwang'oa makwao mwaka 1940 na 1941, wakawatupa Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa wakapitia Iran, na kuanzia 1942 wakaletwa huku. Kambi zao nyingine zilikuwa Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Bibi yangu aliwauzia ndizi. Alikuwa akisema wale akina mama walipanda maua mbele ya vibanda vya duara kabla hata ya kupanda mboga, na yeye aliona ni upuuzi.

Makaburi yao karibu 150 yapo mpaka leo, yametunzwa. Tarehe 1 Novemba ndiyo siku yao ya kuwasha mishumaa makaburini. Nilipokuwa mdogo nilihesabu miaka kwenye mawe: kuna watoto mle wa umri wangu wa wakati ule.

Sasa fikiria Krismasi ya mama wa kambini, mume hajulikani alipo. Hiyo sahani ya ziada aliiweka akimwazia nani? Nenda kaka. Usipeleke nyama. Peleka matunda, na ukifika uliza mshumaa ulikuwa wa nani.

Fundi_Majokofu_Tandika

Nimemsomea mama watoto yote. Kanyamaza, halafu kauliza kama wake za mafundi nao huhesabiwa wageni wasiotarajiwa.

Nitapeleka maembe dodo. Friji yenyewe juzi wamenitumia sauti yake, inakoroma, nadhani safari hii ni kompresa kweli. Nitaiacha mpaka tarehe 24.

Chap_Chap

Samaki wa watu wataoza fundi, nenda kesho!