Vidole vinakufa ganzi lindoni usiku ila kifua kina joto, mwili wangu una tatizo?

Habari zenu wakuu. Nafanya kazi ya ulinzi usiku na msimu huu wa baridi umenibana. Jana saa kumi alfajiri nilitaka kufungua kufuli la geti, ufunguo ukanidondoka mara tatu. Vidole vimepauka, sivisikii kabisa, lakini nikiutia mkono kwapani nakuta joto kama kawaida. Halafu nakojoa kila mara ingawa maji sinywi mengi. Mwenzangu wa zamu ananishauri nipige pombe kali kidogo. Naombeni ushauri.

Muuguzi wa Zamu: Pole sana ndugu. Mwili unakulinda hapo. Moyo, mapafu na ubongo lazima vibaki karibu na nyuzijoto 37, kwa hiyo baridi ikizidi mishipa midogo ya mikononi na miguuni inajibana ili damu ya moto ibaki ndani. Vidole ndivyo vinavyoumia. Mkojo nao chanzo ni hichohicho: damu ikijaa kiwiliwilini, figo zinaona maji yamezidi, zinayatoa. Usiache kunywa maji.

Pombe usiguse kabisa. Inaitanua ile mishipa, ngozi inapata moto, unajiona uko sawa, kumbe joto la ndani linapotea.

Mzee wa Barafu: Niliwahi kufanya kazi kwenye chumba cha barafu. Glavu peke yake hazikunisaidia. Nilipoongeza fulana na sweta ndani ya koti, vidole vikapata uhai, maana kifua kikishiba joto mwili unairuhusu damu ifike mikononi. Vaa nguo kadhaa nyepesi, ile hewa inayonaswa katikati ndiyo inayotunza joto. Na soksi zisibane.

Mleta uzi: Asanteni. Na kutetemeka je? Huwa najikaza, naona aibu.

Muuguzi wa Zamu: Usijizuie! Misuli ikitetemeka inaweza kuzalisha joto hadi mara tano ya mtu aliyetulia, na nguvu hiyo inatoka kwenye chakula, kwa hiyo usiingie lindo na njaa. Tembeatembea, ila usifike kutoka jasho, nguo mbichi inanyonya joto vibaya sana.

Ninachokiogopa mimi ni mtu aliyekuwa anatetemeka akaacha ghafla huku bado yuko kwenye baridi, akaanza kupepesuka na ulimi kuwa mzito. Huyo huenda ameshuka chini ya nyuzi 35. Mwingizeni ndani, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, awahishwe hospitali. Msimsugue mikono wala miguu.

Mama Wawili: Vidole vikiwa vyeupe kama chaki kisha bluu hata kwa kushika maji ya baridi tu, nenda ukapimwe. Mdogo wangu ilikuwa hivyo, akakutwa na shida ya mishipa.

Mleta uzi: Vyangu ni lindoni tu, mchana viko sawa. Leo naingia na fulana mbili, sweta na chupa ya maji ya moto. Nitaleta mrejesho.