Setilaiti ya redio iliyopotea baharini mwaka 1980: kosa lilikuwa wapi?

Mwalimu wa Wete
Assalamu alaykum. Nasomesha fizikia skuli hapa Wete. Vijana wangu wamesoma habari za AMSAT Phase 3-A, setilaiti ya majaribio iliyoundwa na wapenzi wa redio kwa kujitolea, ikapotea siku ya kurushwa kutoka Kourou, kituo cha roketi huko Guyana ya Kifaransa, Amerika ya Kusini. Wanauliza: setilaiti yenyewe ilikuwa na kasoro? Na kwa nini ilipakiwa kwenye roketi ambayo bado inajaribiwa?

Fundi Redio, Mwembetanga
Waalaykum salaam, Mwalimu. Setilaiti haikuwa na kosa lolote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ilikuwa tarehe 23 Mei, safari ya pili ya Ariane, roketi ya nchi za Ulaya, tangu zianze kurushwa. Hatua ya kwanza ilikuwa na injini nne za Viking. Moja moto wake haukutulia: msukumo ukawa unapanda na kushuka kwa kasi mno, injini ikatetema hadi ikaharibika, na roketi nzima ikaishia Atlantiki. Ilibidi mafundi wavitengeneze upya vile vitundu vinavyopulizia mafuta ndani ya injini. Juni 1981 Ariane ya tatu ikapanda salama.

Ama roketi, watu wa kujitolea watatoa wapi fedha za kununua safari nzima? Nafasi yao hiyo ilipatikana kwenye safari ya majaribio.

Waambie vijana kilichopotea. OSCAR 7, setilaiti ya wapenzi wa redio iliyotangulia, ilikuwa inapita chini. Dakika ishirini hivi, imeshazama. Hii ingezunguka njia ndefu ya yai, ikakaa juu masaa mengi.

Mkaazi wa Chake
Hawakuunda nyengine?

Fundi Redio, Mwembetanga
Waliunda, bibi. OSCAR 10 ilirushwa 16 Juni 1983, kwa roketi ya aina hiyo hiyo, Ariane. Ilipoachiwa ikagongwa na hatua ya mwisho ya roketi, haikufika njia iliyokusudiwa, lakini ilifanya kazi miaka mingi.

Mwalimu, sasa wasikilizishe. QO-100, mtambo wa wapenzi wa redio uliomo ndani ya setilaiti Es'hail-2 ya Qatar iliyorushwa 2018, hauhami angani, uko juu ya nyuzi 26 mashariki. Hapo Wete inua dishi la tivii kiasi cha nyuzi 73, uso magharibi, kaskazini kidogo. Kichwa cha dishi (LNB) kitashusha masafa ya 10489 MHz hadi 739 MHz hivi, na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta kitayanasa.

Mwalimu wa Wete
Dishi bovu la skuli lina futi tatu. Linatosha?

Fundi Redio, Mwembetanga
Kusikiliza linatosha kabisa, maadamu halikubonyea. Badilisha kichwa, cha zamani huhamahama masafa. Wakitaka kuzungumza, hapo ni leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwanza.