Naombeni ushauri: nimepangiwa kumtetea Locke kwenye mdahalo

Wakuu, salamu. Nasoma falsafa, na wiki ijayo nina mdahalo: je, binadamu huzaliwa na mawazo fulani tayari akilini? Nimepangiwa upande wa John Locke, aliyeifananisha akili isiyo na uzoefu na karatasi nyeupe. Anayeninyima usingizi ni Plato. Katika kitabu chake Meno, mwalimu wake Socrates anamhoji mtumwa kijana asiyewahi kufundishwa jometri, mpaka anatambua kwamba mraba wenye eneo maradufu hujengwa juu ya ulalo (mstari wa kona hadi kona) wa ule wa kwanza. Hakufundishwa, sasa jibu kalitoa wapi?

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, yasome upya maswali yenyewe. Kijana anakosea kwanza: anazidisha upande mara mbili, kisha anataja upande wa futi tatu badala ya ule wa futi mbili. Ulalo wenyewe kauchora Socrates! Kijana alitazama mchoro akafikiri, na uwezo wa kufikiri Locke hakuukana kamwe. Alichokana ni kanuni zilizokwisha kuandikwa akilini kabla ya uzoefu.

Mchangiaji wa pili
Sawa, ila hapo ndipo Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani aliyetetea mawazo ya kuzaliwa nayo, atakubana. Majibu yake kwa Locke yalichapishwa 1765, wote wawili wakiwa wameshafariki, na bado yana nguvu. Macho yanakuonyesha mraba mmoja, kumi, hata elfu. Hayakuonyeshi kwamba *kila* mraba lazima uwe hivyo. Ile "lazima" inatoka wapi? Jiandae kwa swali hili kuliko lolote lingine.

Mchangiaji wa tatu
Usimsahau Molyneux, msomi wa Ireland aliyeandikiana na Locke. Alimuuliza Locke: aliyezaliwa kipofu, anayetambua tufe na mchemraba kwa kugusa, akipata kuona atavitofautisha kwa macho tu? Wote wawili walisema hapana, kwa kuwa kuoanisha mguso na macho hujifunzwa kwa uzoefu. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya vijana watano wa India waliotibiwa upofu: mara baada ya upasuaji walishindwa kulinganisha walichogusa na wanachoona. Ila waliopimwa tena baadaye walikuwa wamepiga hatua haraka, na mpinzani makini ataidaka haraka hiyo kama ishara ya kitu cha kuzaliwa nacho.

Mwanzisha uzi
Nawashukuru mno. Basi nitaanza kwa kukubali uwezo wa kuzaliwa nao, nikatae maarifa. Wakimleta Chomsky, mwanaisimu anayesema tunazaliwa na misingi ya sarufi, sarufi hiyo niiweke wapi?

Mchangiaji wa kwanza
Hapo pagumu kweli, maana Chomsky huizungumzia lugha kama jambo *tunalolijua*, si ustadi tu. Mdai mpinzani akutajie kanuni moja ambayo mtoto anaijua kabla hajakutana na lugha yoyote, na aeleze ataithibitishaje.