Simu ya bure iliyofungwa mtandao mmoja: zawadi au kilemba cha ukoka?

Mwanzisha mada

Wakuu, salamu. Nina hoja moja naileta hapa ipigwe mawe. Kampuni ya simu inapokupa simu ya bure kisha ikaifunga isishike laini ya mtandao mwingine mpaka umalize kulipa, husema kufuli lile linalinda deni. Mimi nasema deni lina mlinzi wake tayari, ambaye ni mkataba. Kufuli linamlinda mteja, kama askari jela anavyomlinda mfungwa.

Tuangalie ofa yenyewe ilivyoshonwa. Siku ya kuchukua simu unasaini mambo mawili, ingawa muuzaji anaongelea moja tu. La kwanza ni mkopo wa simu kwa bei kamili. La pili ni ahadi ya punguzo, na punguzo hilo hulipati siku hiyo, linagawanywa kwa miezi 24 au 36. Tuseme simu ni 720, fedha yoyote uipendayo, na miezi ni 36. Kila bili inakuja na mstari mmoja: malipo ya simu, 20. Chini yake mwingine: punguzo la ofa, toa 20. Jibu sifuri, roho inatulia. Sasa hama baada ya mwezi wa 14. Mstari wa pili unafutika, wa kwanza unabaki. Miezi 22 iliyosalia, mara 20, unadaiwa 440 za simu uliyoambiwa ni ya bure, na mara nyingi wanazitaka kwa mkupuo.

Bado kifurushi. Ofa kama hizi mara nyingi hutaka uchukue kile kikubwa. Kikizidi cha kawaida kwa 15 kila mwezi, miezi 36 ni 540. Simu yako ya zamani, ambayo ungeiuza mwenyewe kwa 200, umeiacha dukani kama sehemu ya makubaliano. Jumlisha: 740. Simu ya 720 ya bure imekutoka 740.

Mimi nilinaswa bila hata kuhama. Mwezi wa tano nilishusha kifurushi, basi. Bili iliyofuata, ule mstari wa kutoa haupo. Nikapiga huduma kwa wateja, binti wa watu akanisomea kifungu kwa upole kabisa, kama anasoma risala ya harusi. Kifungu kilikuwepo kweli. Sahihi ni yangu.

Hesabu Kwanza

Mkuu, pole, ila hesabu yako umeipika. Kuna watu wanatumia kifurushi kikubwa hata bila ofa. Mwenye laini nne za familia, ile 540 si gharama ya simu, angeilipa tu. Huyo amepata simu kwa miezi 36 bila riba. Nitajie benki itakayomfanyia hivyo mtu asiye na mshahara wa kueleweka.

Na kufuli hulitendei haki. Kuna watu wanachukua simu kwa vitambulisho vya wengine, wanalipa ya kwanza au hawalipi kabisa, wiki ya pili mzigo uko kwenye begi unavuka bahari. Kampuni inabaki inamdai mtu ambaye hajui hata kama anadaiwa. Mkataba unamlinda nani hapo?

Mwanzisha mada

Hoja ya wizi naikubali, nusu. Kitambulisho cha kuiba kinajulikana bili ya kwanza au ya pili isipolipwa. Ndiyo maana mwaka 2019 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliiruhusu kampuni ya simu ya Verizon kufunga simu kwa siku 60, na sababu iliyotolewa ilikuwa huohuo utapeli. Siku 60 naelewa. Miezi 36 inamsubiri mwizi gani?

Canada walikata mzizi: tangu tarehe 1 Desemba 2017 CRTC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, inataka simu mpya ziuzwe zikiwa wazi, na ya zamani ifunguliwe bure mteja akiomba. Uingereza, mamlaka yao, Ofcom, ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Ofa na mikataba huko havijafa.

Hesabu Kwanza

Umeishia 2019. Mwaka 2025 Verizon hiyohiyo ilirudi FCC kuomba iondolewe sharti la siku 60, ikisema utapeli umezidi.

Mwanzisha mada

Ndiyo, na fisi naye akiulizwa alinde nini atachagua bucha. Anayefaidika na kufuli kuwa refu ndiye anayeomba liwe refu.

Fundi Loki

Nyie mnabishana sheria, mimi naletewa simu mezani. Watu wanachanganya vitu vitatu. Loki ya mtandao: simu nzima, ila inakataa laini ya kampuni nyingine. Kufungiwa IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe: simu imeripotiwa kuibiwa au ina deni, na mitandao inayosoma orodha ya zilizofungiwa inaikataa hata uweke laini gani. Loki ya akaunti: inadai neno la siri la mwenyewe wa kwanza. Ya kwanza ikiondoka, ya pili inaweza kuja baadaye. Mtu anauza simu leo ikiwa safi, mwezi ujao anaacha kulipa, IMEI inafungwa mkononi mwa mnunuzi.

Ukinunua iliyotumika, usiridhike na maneno "imefunguliwa". Ingia mwenyewe kwenye mipangilio; iPhone ina mstari unaosema kama laini imewekewa kizuizi. Kisha chomeka laini ya mtandao tofauti, upige, uongee na mtu. Isiishie kwenye vijiti vya netiweki.

Hadithi ya haya mambo ni ndefu. iPhone ya kwanza ya 2007 iliuzwa Marekani ikiwa ya AT&T peke yake, na Agosti mwaka huohuo kijana wa miaka 17, George Hotz, akaifungua kwa kuchomelea waya ndani yake. Baadaye, kuanzia Januari 2013, kujifungulia simu mpya bila ruhusa ya kampuni kukageuka kosa la hakimiliki huko kwao. Watu zaidi ya 100,000 wakatia saini malalamiko, na tarehe 1 Agosti 2014 Obama akasaini sheria ya kuruhusu tena. Ila someni vizuri: iliruhusu kufungua, haikuua mkataba wa mtu.

Hesabu Kwanza

Fundi kanisaidia bila kujua. Mkuu atasema mwizi afungiwe IMEI, kufuli la nini. Orodha ya pamoja ya IMEI zilizofungiwa, ile ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ipo, lakini si kila mtandao duniani unaisoma. Simu ikifika pasiposomwa, inapiga kama kawaida. Loki ya mtandao inasafiri nayo.

Mwanzisha mada

Hilo umenishika, sina la kujibu. Bado miezi 36 sijaelezwa.

Mama Safari

Kaka zangu, mimi nimeshachukua. Mwezi wa tisa kati ya 36, ofa kama ya huyo mkuu, na wiki ijayo nasafiri nje mwezi mzima. Laini ya kule haitaingia, na kutumia yangu ugenini ni kufilisika. Nifanyeje?

Fundi Loki

Mama, kwa mfano wa mkuu, kuimaliza leo ni 27 mara 20, yaani 540. Usilipe kwa ajili ya safari. Waombe kwanza wakufungulie kwa muda, kampuni nyingine hukubali. Wakikataa, chukua simu ya bei ndogo iliyo wazi, iwe na uwezo wa hotspoti. Ukifika weka laini ya kule humo, nunua bando, washa hotspoti, hiyo kubwa inywe intaneti kwa Wi-Fi. WhatsApp inabaki na namba yako ileile. Kabla hujapanda ndege zima data ya laini yako, na beba chaja mbili, maana hotspoti inamaliza betri.