Tupeane uzoefu: umewahi kuwa na dokta anayekujua kweli, wewe na nyumba yako?

Mtoto wa Ujiji:
Wakuu habari zenu. Baba yangu mvuvi, ana presha mwaka wa sita huu, na kila tukienda kupima tunamkuta dokta mgeni, mashine inasoma 170 kwa 100, anaongezewa dozi, haya aingie mwingine. Miezi mitatu nyuma nikampeleka zahanati ya hapa jirani, yule tabibu hakukimbilia kuandika, akamwambia mzee hebu nihadithie siku yako toka unaamka. Ndo tukajua! Dawa ya kukojoza aliandikiwa anywe asubuhi, na kipindi cha giza, yaani mwezi haupo, wanavua usiku, asubuhi ndo anatoka ziwani anataka alale, kwa hiyo alikuwa anairuka na hakuna aliyewahi kumuuliza. Wakakubaliana aimeze saa saba mchana akishaamka. Mama nae akaitwa ndani wakaongea habari ya dagaa wa chumvi, bila kufokewa mtu. Sasa hivi inasoma 138 kwa 84 na mzee anaenda mwenyewe bila kusukumwa. Uingereza toka 1948 watu wanajiandikisha kwa daktari wa familia, huyo ndo wanamuona kwanza na ndo anatoa rufaa. Nyie wenzangu huku kwetu mmekutana nayo hii?

Mama Pacha, Kasulu:
Wangu mimi ni nesi wa kliniki. Nilivyojifungua mapacha nilikuwa nalia tu, nyumbani wanasema nadeka, yeye siku nimepeleka watoto kupima uzito akanishika mkono akauliza "na wewe mama unalala?" Alinizalisha huyo huyo hata kifungua mimba wangu ndo maana aliona nimebadilika. Akanipeleka mwenyewe kwa dokta. Namuombea mpaka leo.

Mkazi wa Kibondo:
Shida wanahamishwa jamani. Wetu kaondoka mwaka jana, bibi ana kisukari na kidonda mguuni, tumeanza kusimulia upya kama hajawahi kutibiwa. Imeniuma sana.

Tabibu, Uvinza:
Zahanati yetu tuko wawili tu, asubuhi foleni inafika nje kwenye mwembe. Wa presha na sukari nimewapangia Alhamisi mchana watu wakipungua, waje na anayewapikia, hapo ndo tunaongea vizuri.

Mtoto wa Ujiji:
Hilo la kuhamishwa limenitia wasiwasi, wa baba akiondoka je?

Tabibu, Uvinza:
Muombe aandike kwenye daftari la mzee, sio dawa tu, aandike na habari ya ziwani na kwa nini saa saba.